Jembe na Kalamu: Mbegu ya Mbaruti Haisemi Uongo



Barua nyingi ziletwazo kwangu huuliza habari za dawa: dawa gani ya gugu hili, dawa gani ya mdudu yule. Lakini hivi karibuni ilikuja barua kutoka Uthiru, magharibi ya mji wa Nairobi, ambayo haikuuliza dawa. Iliuliza hukumu. Ndani yake mlikuwa na bahasha ndogo iliyofungwa vizuri kwa gundi, na juu yake limeandikwa neno moja tu: "Ushahidi."

Mwenye barua ile ni karani afanyaye kazi mjini. Nyumbani kwake ana robo eka, na katika robo eka hiyo ana ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa bomani, matuta ya sukuma wiki, na majani ya napia. Alieleza kwamba shamba lake limevamiwa na mibaruti, gugu ambalo hakuliona hapo kabla. Alieleza pia kwamba jirani yake, mama mmoja mzee, ana mibaruti mingi kando ya ua wake upande wa barabara, wala hajaing'oa tangu mwaka jana. Basi karani alikuwa amekwisha kata shauri moyoni mwake: upepo umezileta mbegu kutoka kwa jirani, na jirani yampasa alipe ujira wa vibarua waliopalilia. Shauri lilikuwa limefika kwa mzee wa mtaa. Nyumba hizo mbili, zilizokuwa zikiombana chumvi na kusaidiana katika msiba, zilikuwa haziamkiani tena.

Katika bahasha mlikuwa na sufi nyeupe aliyoidaka hewani karibu na ua wa jirani. Nami niliombwa niandike tu kwamba sufi ile ni ya mbaruti, ili maneno yangu yasomwe mbele ya mzee.

Naam, ilikuwa sufi ya mbaruti. Lakini sikuandika. Niliifungua bahasha juu ya karatasi nyeupe, nikahesabu mafungu saba ya sufi. Katika mafungu sita hapakuwa na mbegu hata moja. Hilo lilinifanya nisite, na siku ya Jumamosi nikafunga safari kwenda Uthiru.

Jina moja, mimea miwili

Nilipofika nilikwenda kwanza kwa mama mzee, kwa kuwa ndiye aliyeshtakiwa. Alinionyesha mibaruti yake bila ya kuificha. Ilikuwa na majani yenye miiba, rangi yake ya kijani iliyochanganyika na kijivu, na mishipa myeupe iliyopita katikati ya majani. Maua yake yalikuwa ya manjano. Nilivunja jani moja, pakatoka utomvu wa manjano kama rangi ya binzari. Kisha nikavuka ua, nikaenda kwa karani. Mibaruti yake ilikuwa na miiba mikali zaidi, majani yake yenye nywele za kukwaruza, na vichwa vya maua vya rangi ya zambarau. Nilivunja jani, wala sikuona utomvu wa manjano hata kidogo.

Ndugu msomaji, hapo tayari kesi ilikuwa imetikisika. Watu wote wawili walisema "mbaruti," na wote wawili walisema kweli, kwani Kiswahili kimeipa jina hilo mimea zaidi ya mmoja. Wafasiri wa Biblia walilitumia katika Injili ya Mathayo kwa mmea wa miiba wa nchi za mashariki ya Bahari ya Kati. Watu wa pwani na wa bara hulitumia kwa mmea wenye utomvu wa manjano, ambao asili yake ni Meksiko na nchi zilizo karibu nayo, na ambao wataalamu huuita Argemone mexicana. Huo si ndugu wa mbaruti wenye sufi hata kidogo. Ni wa jamaa ya mpopi, ule mmea utoao kasumba. Mbaruti wa karani ulikuwa ni ule uitwao Cirsium vulgare, uliotoka Ulaya na nchi jirani zake, na ambao sasa umekwisha kuota peke yake katika sehemu kadhaa za Kenya. Huo ni wa jamaa ya alizeti.

Jina basi halitoshi kumtia mtu hatiani. Maua nayo hayapo siku zote, na majani machanga huweza kumdanganya hata mtu mzoefu. Lakini mbegu hubaki na sura yake, iwe katika udongo, katika gunia, au katika kinyesi cha ng'ombe. Ndiyo maana tangu mwaka 1869, Friedrich Nobbe alipofungua kituo cha kwanza cha kupima mbegu huko Tharandt, Ujerumani, watu wamefanya kazi ya kuzitambua mbegu moja moja kwa macho. Mwaka 1924 mataifa yaliunda chama chao cha kupatanisha njia za kupima mbegu, na kazi hiyo yaendelea hata leo.

Namna ya kuzitazama mbegu

Vyombo vya kazi hii si vya gharama kubwa. Twaa karatasi nyeupe, rula yenye milimita, sindano, na kioo cha kukuzia kinachokuza mara kumi. Ukikosa kioo, simu nyingi za siku hizi zaweza kupiga picha ya karibu ambayo utaikuza kwa vidole. Lakini weka rula kando ya mbegu kabla ya kupiga, kwa kuwa picha isiyo na kipimo huifanya mbegu ya milimita mbili ionekane kama haragwe. Mwaga mbegu chache tu, zitenge kwa sindano, kisha jiulize maswali manne: Urefu wake ni milimita ngapi? Umbo lake ni la duara au limebonyea? Ngozi yake ni laini au ina mistari na mashimo? Na juu ya kichwa chake kuna nini?

Mbegu ya mbaruti wenye sufi, ule wa karani, ina urefu wa milimita 3 hadi 4 au kupita kidogo. Imebonyea pande mbili, ni laini na yang'aa, na rangi yake ni ya majani makavu, pamoja na vistari vyembamba vyeusi vinavyopita kwa urefu. Tazama ncha ya juu: utaona ukingo mweupe kama mdomo wa kikombe, na katikati yake kinundu kidogo. Juu ya ukingo huo ndipo ilipokuwa imekaa sufi. Kila unywele wa sufi hiyo una matawi madogo pande zote mbili, kama unyoya wa ndege.

Alama hiyo ya unyoya yafaa ikumbukwe. Katika nyanda zetu za juu kuna mibaruti mingine ya asili, iitwayo Carduus, na mmoja wao, Carduus keniensis, huota juu katika Mlima Kenya, mbali na mashamba ya watu. Mbegu zake hufanana sana na hizo nilizozieleza. Lakini unywele wa sufi yake hauna matawi. Ni uzi mmoja wa kukwaruza tu. Mtu asiyejua tofauti hiyo aweza kuuchukia mmea wa nchi yake kwa kosa la mgeni.

Kisha kuna mchunga wa bustanini, ambao wafugaji wa sungura huupenda. Huo nao una sufi, na watoto hufurahi kuipuliza. Mbegu yake ina urefu wa karibu milimita 3, ni nyembamba na ya rangi ya kahawia, na ina mbavu zilizopita kwa urefu. Haina ukingo mweupe wala kinundu, na sufi yake ni laini kama hariri. Ukiuvunja mmea wenyewe, hutoa utomvu mweupe kama maziwa.

Mbegu ya mbaruti wa mama mzee ni jambo jingine kabisa. Ni ya duara, kipenyo chake hakizidi sana milimita 2, rangi yake ni kahawia iliyokaribia weusi, na ngozi yake yote imefumwa kama wavu wa mvuvi. Haina sufi, wala haikuwa nayo tangu kuumbwa kwake. Hukaa ndani ya tunda lenye miiba, na tunda hilo likikauka hupasuka kwa juu, mbegu zikamwagika chini, mamia kutoka tunda moja. Mbegu hizo huchukuliwa na maji ya mvua, na matope ya viatu na magurudumu, na mbegu nyingine zilizochanganyika nazo. Lakini hazirushwi na upepo kama sufi.

Hapo nilimwita karani, nikampa kioo. Nilimwonyesha kwanza mbegu za jirani yake, kisha sufi yake ya "ushahidi." Alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo hii haikutoka kwake." Nikamjibu, "Bwana, haikuweza kutoka kwake."

Mbegu zilitoka wapi?

Sasa ilibaki kujua jinsi mibaruti ya karani ilivyoingia. Wengi wetu hudhani kwamba mbaruti wenye sufi husafiri maili nyingi kwa upepo. Ni kweli kwamba mbegu chache hufika mbali. Lakini sufi yake imeshikana na mbegu kwa nguvu kidogo sana. Mara nyingi mbegu huanguka chini karibu na mama yake, na sufi huendelea na safari peke yake, tupu. Ndiyo sababu mafungu sita kati ya saba katika bahasha hayakuwa na kitu. Tuonapo sufi inaruka juu ya vichwa vyetu tusidhani kwamba kila fungu limebeba abiria.

Tulizunguka shamba lote pamoja. Karibu na ua wa mama mzee mibaruti ilikuwa michache. Ilikuwa mingi zaidi katika matuta yaliyotiwa samadi, na mingi kuliko pote kando ya lundo la samadi lenyewe. Basi tukaingia bomani. Karani hununua marobota ya nyasi kavu kwa mchuuzi aletaye kwa lori wakati wa kiangazi, kwa kuwa napia ya robo eka haiwatoshi ng'ombe wawili. Tuliyaondoa marobota, tukafagia vumbi lililobaki chini yake na katika hori, tukalipepeta juu ya karatasi. Hazikupita dakika tano tukapata mbegu zaidi ya ishirini, laini, zenye vistari vyeusi na ukingo mweupe wenye kinundu. Sufi zake zilikuwa zimekwisha kukatika zamani.

Safari yao ikawa wazi. Nyasi zilikatwa mahali ambapo mibaruti imekomaa. Mbegu zikafungwa katika robota. Nyingine zilianguka chini ya hori na kufagiliwa pamoja na samadi. Nyingine zililiwa, na mbegu za magugu mengi huweza kupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa bado hai. Samadi ikatiwa matutani. Na sufi ile aliyoidaka hewani ilitoka katika mibaruti yake mwenyewe, iliyokwisha kuchanua ikaachwa. Ikiwa upepo ulichukua mbegu yo yote siku ile, ilikuwa yatoka kwake kwenda kwa mama mzee.

Hatari iliyokuwa ndani ya kopo

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe bado. Mama mzee, aliposikia habari za mbegu, alileta kopo lake. Mlikuwa na mbegu za kanzera, zile mboga zinazofanana na sukuma wiki, ambazo yeye huzikausha na kuzipura mwenyewe, kisha huwagawia majirani kwa kijiko. Hupura kwenye turubai karibu na ua, palepale penye mibaruti yake.

Nilimwaga kijiko kimoja juu ya karatasi. Kwa macho matupu zote zilikuwa mbegu moja: duara, nyeusi-kahawia, milimita 2 au chini yake. Lakini chini ya kioo zilijigawa. Mbegu za kanzera zilikuwa na ngozi iliyokaribia kuwa laini. Baina yake palikuwa na nyingine zenye wavu ulio dhahiri wa mashimo madogo, na upande mmoja umechongoka kidogo. Tulizipasua chache kwa wembe. Mbegu ya kanzera imejazwa na kiini cha manjano kilichokunjwa. Mbegu ya mbaruti imejazwa na nyama yenye mafuta mengi, na kiini chake ni kidogo mno.

Jambo hili si dogo. Mbegu za mbaruti wenye utomvu wa manjano zina sumu. Huko Bara Hindi, ambako watu hupikia mafuta ya haradali, mbegu hizi zimepata kuchanganyika na haradali mara nyingi, kwa bahati mbaya au kwa tamaa ya wafanya biashara. Walao mafuta hayo huvimba miguu, hukosa pumzi, na moyo hudhoofika. Mwaka 1998, katika mji wa Delhi, maelfu waliugua na zaidi ya watu 60 walikufa. Hapa kwetu hatukamui kanzera kupata mafuta, lakini kuku huokota kila kinachomwagika uani, na sumu hii huwadhuru kuku pia. Mtu asithubutu kuzionja mbegu hizi ili azitambue.

Tena zingatia: mbegu ya gugu iliyo ndogo katika mahindi waweza kuitoa kwa chekecheke. Mbegu hii, kwa kuwa ina ukubwa uleule na umbo lilelile la kanzera, haitoki kwa chekecheke wala kwa ungo. Haina dawa ila macho ya mtu. Mama mzee aliniuliza, "Je, nizitupe zote?" Nilimjibu kwamba zile za kopo achome, na kwamba mwaka huu mbegu zake azipate katika pakiti iliyokaguliwa na yenye lebo. Kazi ya ukaguzi huo ni ya shirika la KEPHIS, lililoanzishwa mwaka 1996. Na mimea yote iliyo uani aing'oe kabla matunda hayajapasuka, naye avae glavu au afunge mikono kwa gunia.

Mambo ya kutenda

Kwa mbaruti wenye sufi, wakati mwema ni ule ambapo majani bado yametandaa chini kama sahani. Kata mzizi kwa jembe, vidole viwili au vitatu chini ya uso wa udongo, nao hautachipuka. Ukichelewa hata ua limefunguka, usiukate na kuuacha chini, kwa maana mbegu zaweza kuendelea kukomaa katika kichwa kilichokatwa. Tia vichwa katika gunia, ukavichome.

Kwa nyasi za kununua, fungua robota moja kabla ya kulipa, likung'ute juu ya karatasi au kitambaa cheupe, na utazame. Ukiona mbegu zenye ukingo mweupe na kinundu, lirudishe kwa mwenyewe. Samadi usiitie shambani ikiwa mbichi. Irundike, iwe na unyevu, uigeuze mara kwa mara ili sehemu za nje ziingie ndani. Lundo zuri hupata moto wa digrii 55 au zaidi, na moto huo huua mbegu nyingi. Chomeka fimbo katikati kwa muda, kisha uichomoe. Ikiwa huwezi kuishika kwa raha, basi lundo lafanya kazi yake.

Na ukishindwa kutambua, usikisie. Kausha jani, ua na mbegu baina ya magazeti, andika mahali na tarehe, ufunge vizuri. Katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi kuna hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika ya Mashariki, iliyohamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950. Na watu wa Uthiru wana bahati zaidi, kwani pale Kabete, ambapo zamani paliitwa Maabara ya Scott, pana wataalamu wa kilimo wa KALRO, na si mwendo mrefu.

Hukumu

Jioni ile mzee wa mtaa alikuja. Sikumwandikia cho chote. Niliweka mezani karatasi mbili, moja yenye mbegu za mama mzee, ya pili yenye mbegu zilizofagiliwa horini, nikampa kioo. Alitazama moja, akatazama ya pili, kisha akamgeukia karani bila ya kusema neno. Karani alisimama, akasema, "Mama, nilikushtaki kwa jina la mmea. Naomba radhi." Mama alijibu kwamba radhi ameipokea, ila vibarua waje pande zote mbili za ua, kwa kuwa yeye hana nguvu za kung'oa peke yake. Karani alikubali kuwalipa.

Siwezi kuwaambia wasomaji kwamba urafiki wao umerudi kama zamani. Maneno yaliyokwisha kutamkwa hayafagiliwi kama vumbi la hori. Lakini walipoagana niliwasikia wakiamkiana, na bahasha ya "Ushahidi" ikatiwa motoni, pamoja na ile mbegu moja iliyokuwamo.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kusema "gugu hili limetoka kwako," mwaga mbegu juu ya karatasi nyeupe, uzitazame vizuri. Mbegu zenu nileteeni, lakini fungeni bahasha sawasawa.

Wenu katika kazi,
Mshauri wa Mashamba